Rangi Isivuliwe Kisogoni

Morogoro huitwa mji kasoro bahari. Waliouita hivyo walikusudia kuusifu: mji una mlima, una mito, una vyakula na muziki, na lau ungejaaliwa pwani usingebakiwa na cha kutamani. Msomaji wa visiwani hulisikia jina hilo akatabasamu, kwani kile walichokikosa wenzake wa bara yeye amezaliwa nacho. Lakini miaka hii wapiga picha wameuongezea mji huo kasoro ya pili, ambayo haukuumbwa nayo. Milima ya Uluguru, soko, stesheni ya reli, kina mama wenye matenga ya ndizi, vyote huonekana ukutani na simuni vikiwa vimevuliwa rangi. Umekuwa mji kasoro bahari, kasoro rangi.

Lau rangi hizo zingevuliwa Morogoro kwenyewe, pasingekuwa na ugomvi mkubwa. Aghalabu hazikuvuliwa huko. Picha ilipigwa ikiwa ya rangi, ikasafiri na mpigaji hadi Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya; na huko, baada ya siku tatu au miezi mitatu, mtu aliyeketi mbele ya kompyuta akaiona picha haina uzito, akabonyeza mahali pamoja, na mji ukageuka kijivu. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba picha nyeusi na nyeupe ina hisia zaidi.

Hoja ya makala haya ni moja. Picha nyeusi na nyeupe iamuliwe pale pale inapopigwa, kabla kitufe cha kamera hakijabonyezwa, na mbele ya yule anayepigwa. Kijivu kinachoamuliwa baadaye, mezani, juu ya mtu asiyekuwapo, ni mazoea mabaya yaliyovikwa joho la sanaa, na wapenzi wa sanaa ndio wa kwanza kupaswa kuyakataa.

Historia ya jambo hili ina kejeli yake. Katika studio nyingi za Afrika Mashariki, kabla ya filamu za rangi kuenea, mteja alipigwa picha nyeusi na nyeupe kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Mwenye uwezo aliongeza fedha, na fundi akaipaka picha yake rangi kwa mkono: wekundu kidogo mdomoni, samawati kwenye gauni, manjano kwenye kipini. Bibi alilipa ili atiwe rangi. Mjukuu wake analipa ili avuliwe. Na bibi angalau angeweza kuulizwa gauni lake lilikuwa la rangi gani, kwa kuwa alirudi mwenyewe dukani kuichukua picha yake.

Picha za Unguja zilizotoka Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, hupendwa hadi leo, na watazamaji wengi hudhani kwamba wanachokipenda ni kijivu chake. Kinachopendwa ni mwanga. Mpiga picha asiye na rangi mkononi hulazimika kutenganisha vitu kwa nuru na kivuli peke yake. Hana wekundu wa kumwokoa. Kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa itampotelea, kwa hiyo atamsogeza mwenye kanzu kwenye mlango uliochongwa. Buibui jeusi ndani ya ukumbi wenye giza litammezea mtu, kwa hiyo atamwita mtu huyo karibu na dirisha. Uzuri wa picha hizo ulifanyika kabla filamu haijaguswa na mwanga. Anayedhani ataupata kwa kuondoa rangi kwenye picha iliyopigwa bila fikra hiyo ameokota ganda akaacha tunda.

Watetezi wa kugeuza baadaye huanza na hoja ya ufundi, nayo yafaa isikilizwe kwa ukamilifu, maana haina uongo ndani yake. Kihisi cha kamera ya dijiti, wanasema, hakijui rangi. Kila kitundu chake huhesabu wingi wa mwanga tu. Rangi hupatikana kwa kuwekewa juu yake wavu wa vichujio vidogo mno, kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: katika kila vitundu vinne, viwili hufunikwa kwa kijani, kimoja kwa nyekundu na kimoja kwa buluu, kisha akili ya kamera hukisia rangi zinazokosekana kwa kutazama vitundu vya jirani. Kamera chache tu zimeondolewa wavu huo, kama Leica M Monochrom ya mwaka 2012 au Pentax K-3 Mark III Monochrome ya mwaka 2023, na bei ya hiyo Leica ingemnunulia kijana wa Msamvu pikipiki kadhaa. Kamera nyingine zote, zikiwekwa kwenye nyeusi na nyeupe, hunasa rangi kwanza na kuigeuza zenyewe ndani kwa ndani. Basi kama kila kijivu ni cha kugeuzwa, huuliza watetezi hao, kuna ubaya gani kukigeuza kesho badala ya leo, tena kwa mkono wa mwenyewe kuliko kwa kanuni za kiwandani?

Kwa mashine, saa ya kugeuza haina maana yoyote. Kwa mtu aliyeishika mashine ina maana kubwa sana. Anayetazama kioo cha kamera kinachomwonyesha kijivu haoni kitu kile kile anachokiona mwenzake mwenye kioo cha rangi. Watu hao wawili, wakipewa soko moja na saa moja, hawatasimama mahali pamoja, hawatangoja jambo lile lile, na hawatabonyeza kwa wakati mmoja. Picha zao zimeachana njia kabla hazijazaliwa.

Chukua mfano wa Soko Kuu la Chifu Kingalu, katikati ya mji wa Morogoro. Bidhaa hushuka hapo kutoka milimani, mboga za Mgeta, ndizi, viungo vya Matombo na Kinole, na pamoja nazo hushuka kina mama wa Kiluguru. Tuseme mmoja wao amejifunga kanga ya kijani yenye jina lililoandikwa kwa herufi nyekundu. Kwa macho ya kawaida, wekundu huo juu ya kijani husomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Lakini rangi mbili zinazogombana vikali kiasi hicho zaweza kuwa na ung'avu ule ule; rangi ikishaondolewa, nyekundu na kijani huwa kijivu kimoja, na jina la kanga hufutika. Msomaji wa majarida ya ushairi hahitaji kuambiwa hasara hiyo ni ya namna gani. Jina la kanga ni utungo uliopimwa, wenye fumbo, mara nyingi wenye mlengwa wake anayejijua. Mwanamke aliyetoka nyumbani kwake amevaa neno, amefika kwenye picha amevaa kitambaa.

Mpiga picha aliyeiweka kamera yake kwenye nyeusi na nyeupe tangu mwanzo ataliona tukio hilo la kufutika likitokea kiganjani mwake. Ataweza kufanya moja kati ya mambo kadhaa. Kamera nyingi zina, ndani ya mpangilio wa nyeusi na nyeupe, vichujio vya manjano, vya chungwa, vyekundu na vya kijani, vinavyoiga vile vya kioo vilivyofungwa mbele ya lenzi zamani. Atavijaribu kimoja kimoja mpaka jina lisomeke. Au ataiacha kanga, atafuate mikono ya mama huyo inayopanga mafungu ya karoti, ambako nuru na kivuli vina la kusema. Au atakiri kwamba habari ya picha hii imo ndani ya rangi, aurudishe mtambo wake kwenye rangi na kuupiga wekundu jinsi ulivyo. Kila moja ya njia hizo ni ya kisanii, na kila moja huwezekana tu wakati mama angali pale.

Yule wa mezani hugundua kufutika huko mama akiwa ameshapanda gari kurudi kwao. Amebakiwa na vidhibiti vya programu. Akipandisha kidhibiti cha nyekundu ili herufi zing'ae, ngozi ya mama nayo hung'aa, kwa kuwa hudhurungi ya ngozi imo katika ukoo wa nyekundu na chungwa. Fundi mjanja zaidi atashusha kijani badala yake. Herufi zitatokeza, lakini majani ya mgomba na mboga zilizomo tengani zitakuwa nyeusi kana kwamba zimeungua. Kila rangi anayoigusa imeshika mkono wa kitu kingine. Ndivyo kijivu kilivyo: hakina jibu la asili, kina uamuzi. Watu wa pwani wanacho kielelezo bora zaidi cha jambo hili, nacho ni kisutu cha harusi chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi tatu zikiingia kwenye picha ya kijivu, nyekundu inalazimika kuhamia upande. Filamu za kale zisizohisi wekundu ziliipeleka kwenye weusi. Kichujio chekundu huipeleka kwenye weupe. Kisutu cha bibi harusi kimekuwa cheusi au kimekuwa cheupe, na kuna mtu aliyeamua. Swali ni alipoamua alikuwa wapi, na bibi harusi alikuwa wapi.

Hapo ndipo ugomvi unapotoka kwenye ufundi na kuingia kwenye adabu. Kidhibiti cha nyekundu na cha chungwa kikipandishwa, uso wa Mwafrika hupauka, madoa hutoweka, makunyanzi hulainika. Mitaani jambo hilo lina jina lake: mkorogo. Tofauti ni kwamba anayejipaka mkorogo hujipaka mwenyewe mbele ya kioo chake, ilhali huyu amepakwa na mtu asiyemjua, naye amelala kwake Mgeta. Upo pia mkorogo wa kinyume chake. Vidhibiti hivyo hivyo hushushwa, ngozi ikawa nyeusi kama makaa, jasho likametameta, kila mkunjo wa shavu ukawa korongo, na mama mwenye ndizi akageuzwa alama ya taabu ya bara zima. Picha hiyo husifiwa kuwa ina nguvu. Nguvu hizo zimetoka kwenye kidhibiti.

Itasemwa kwamba kichujio chekundu cha ndani ya kamera nacho hung'arisha ngozi. Ni kweli, wala hakuna haja ya kulikwepa hilo. Lakini pale sokoni mwenye ngozi yupo. Kamera ya dijiti imeleta neema ambayo mafundi wa zamani hawakuwa nayo: picha yaweza kuonyeshwa hapo hapo. Mpiga picha akiigeuza kamera na kusema, "Mama, shikamoo tena, hebu itazame," mama anaweza kucheka, anaweza kuvutiwa, na anaweza pia kuuliza, "Mbona kanga yangu umeitia majivu, mwanangu?" Swali hilo ni uhakiki wa kwanza wa picha na ndio wenye haki kuliko wote. Anayegeuza baadaye amehakikisha kwamba halitaulizwa. Hata kama mama alikubali kupigwa, alikubali kupigwa picha aliyoonyeshwa, yenye kanga yake na jina lake; ile ya kijivu hakuletewa. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Na ubichi wa picha ni zile dakika chache ambazo wawili hao wamesimama katika mwanga mmoja.

Sio uso wa mtu tu unaodhulumiwa. Mlima nao una kesi yake. Uluguru umesimama kusini-mashariki mwa mji, kilele cha Lupanga kikipita mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kutoka mabondeni mwake hutoka vijito vya Mto Ruvu ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Sehemu za juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008. Chini yake ni mashamba. Mpaka kati ya msitu na shamba ni habari kubwa kwa mamilioni ya watu wasiopata kuupanda mlima huo, na jicho huutambua mpaka huo kwanza kwa rangi: kijani kizito cha miti, kijani chepesi cha mahindi na migomba, wekundu wa udongo uliolimwa. Piga picha saa saba mchana, jua likiwa utosini, kisha ondoa rangi: vijani viwili vitaungana na udongo utaweza kujificha ndani yake. Mlima uliokwanguliwa utaonekana umevaa msitu. Programu nayo itaweza kufanya kinyume chake, ikang'arisha kijani mpaka msitu mzima uonekane kama nyasi kavu. Picha moja, milima miwili, na hakuna hata mmoja ulioonwa na mtu.

Anayetazama kijivu papo hapo ataona saa saba ile kwamba mlima umekuwa ubao usio na maandishi, naye atangoja. Jua la jioni likitoka magharibi huweka kivuli ndani ya kila mkunjo wa mteremko. Vichwa vya miti hupata umbo, matuta ya mashamba huonekana kama mistari ya daftari, na mpaka uliopotea mchana hurudi kwa nguvu ya nuru. Saa nne za kungoja zimefanya kazi ambayo vidhibiti vingeighushi kwa nukta nne. Na kama jioni nayo haikuuonyesha mpaka, basi mpaka huo ulitaka rangi, nao apigwe kwa rangi mtu asije akadanganywa.

Wapenzi wa ushairi wanaujua ugomvi huu kwa sura nyingine. Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, na malumbano ya vina na mizani yakawaka kwa miaka mingi. Kuna jambo ambalo pande zote mbili za malumbano hayo zingeweza kulikubali bila kupigana, nalo ni kwamba umbo huzaliwa pamoja na shairi. Mtunzi wa tarbia huwaza kwa mizani kumi na sita tangu neno la kwanza. Kina humchagulia neno, na neno humzalia wazo ambalo asingelifikia peke yake. Mtunzi wa shairi huru naye hupima pumzi ya kila mstari anapouandika. Asiyekuwa na mtetezi upande wowote ni yule aliyeandika nathari, akaionja, akaona haina ladha, kisha akaikatakata vipande ili iitwe shairi. Kijivu cha mezani ni ndugu yake wa tumbo moja. Rangi haikuwa kosa la picha ile. Picha haikuwa na kitu, na sasa haina kitu bila rangi.

Hoja ya pili ya watetezi ni ya chumba cha giza. Mabingwa wa filamu, wanasema, nao walifanya kazi kubwa baada ya kupiga: walikinga mwanga hapa, wakauongeza pale, wakachagua karatasi kali au laini. Ansel Adams wa Marekani, aliyesomea piano kabla ya kuwa mpiga picha, alifananisha negativu na muziki ulioandikwa na picha iliyosafishwa na muziki unaopigwa. Mfano huo hauwasaidii wanaoutumia. Anayepiga muziki ulioandikwa ana uhuru wa kasi na wa sauti, lakini muziki tayari upo; na Adams huyo huyo alifundisha kwamba picha ionwe kamili akilini kabla ya kufungua lenzi. Hapa pwani yupo shahidi wa karibu zaidi. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, alijulikana kwa picha za kuunganisha sura za watu na vitu ambavyo havikutani katika maisha ya kawaida, kazi iliyokamilishwa studioni. Kazi ya namna hiyo haivumilii uamuzi wa baadaye. Anayetaka kichwa kikae mahali pasipo pake lazima akipige kwa ukubwa unaofaa, kwa mwanga unaofaa, akijua kitakwenda wapi. Hakuna anayezuiliwa kusafisha, kukoleza wala kupunguza. Kinachopingwa ni kubadili lugha ya picha baada ya kusema.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Kamera ikipiga nyeusi na nyeupe tupu, rangi imepotea milele. Na kizazi kijacho kitauliza kanga za mwaka huu zilikuwaje, kama kinavyouliza sasa juu ya nguo za mababu. Hoja hii ni ya haki, na jibu lake lipo ndani ya kamera zenyewe. Kamera nyingi zaweza kutunza mafaili mawili kwa mbonyezo mmoja: la kijivu, ambalo ndilo mpigaji aliloliona na kulionyesha, na faili ghafi lenye rangi zote. Faili ghafi litunzwe kama hati ya ushahidi inavyotunzwa sandukuni. Mpigaji atazame kwa kijivu, aamue kwa kijivu, aonyeshe kwa kijivu, na rangi ibaki chini yake ikimngojea mwanahistoria. Kwa njia hii hakuna kinachopotea isipokuwa ule uhuru wa kubadili nia juu ya mtu aliyekwisha kuondoka, na uhuru huo haustahili machozi.

Wala asisemwe kuwa ni shauri la wenye fedha. Simu nyingi za kawaida zina mpangilio wa kijivu unaoonekana kiooni kabla ya kupiga. Gharama yake ni kuukubali mapema. Na faida yake huonekana hata kwa asiye na kamera kubwa. Likipigwa kundi la wanaume waliovaa kanzu siku ya Idi, kipimo cha mwanga hudhani kila kilicho mbele yake ni cha wastani. Weupe ukizidi, hupunguza nuru, na nyuso nyeusi huzama. Katika kioo cha rangi jicho hudanganyika, kwa kuwa hudhurungi bado huutenga uso na kivuli. Katika kioo cha kijivu uso umepotea, na mpigaji ataona ameupoteza, ataongeza mwanga kabla ya kubonyeza. Kijivu kilichoamuliwa mapema humfundisha mtu kuziona nyuso za watu wake.

Limebaki suala la wakati. Siku hizi kijivu kimekuwa njia rahisi ya kulifanya jambo la leo lionekane la kale. Picha za magazetini za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, zilikuwa nyeusi na nyeupe kwa kuwa magazeti yalikuwa hivyo. Mkutano wa ANC uliofanyika Morogoro mwaka 1969, na shule ya Solomon Mahlangu iliyokuwa Mazimbu hadi ilipokabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1992, vinakumbukwa kwa picha nyingi za kijivu kwa sababu hiyo hiyo ya vifaa na fedha. Kijivu chao kilikuwa riziki ya wakati wao. Mtu anayekwenda Mazimbu leo, mahali ambapo sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akapiga jengo kwa rangi, akalifubaza nyumbani na kulitoa bila tarehe, ameingiza shahidi wa uongo katika kesi ya historia. Baada ya miaka 30 ni nani atakayelitenga na la kweli?

Na kuna la kutisha zaidi. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, likalipuka wakati watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Picha za siku ile zina rangi ya moto na ya majivu ya kweli. Atakayezichukua kesho na kuzitia kijivu, akidai anazipa heshima, atakuwa amelisogeza tukio mbali, kwenye rafu ya mambo ya kale, ilhali wajane na yatima wake wangali wanapita barabara ile ile. Heshima kwa maiti ina njia nyingi: kutoionyesha picha ni mojawapo. Kuipamba si mojawapo.

Basi na yatakwe mambo mepesi. Mwenye kamera au simu aamue kijivu kabla ya kuinua mkono, na akishapiga aigeuze amwonyeshe mwenzake. Mwandaaji wa maonyesho na mhariri wa kitabu waandike chini ya kila picha nyeusi na nyeupe mwaka ilipopigwa, na iwapo ilionwa hivyo kamerani au iligeuzwa baadaye. Ni maneno machache, na karatasi itayamudu. Mtazamaji naye, kabla ya kuvutiwa na huzuni ya picha, aulize huzuni hiyo imetoka kwa nani. Mama wa Mgeta hana programu ya kugeuza rangi, lakini anajua kanga yake imeandikwa nini. Aulizwe kabla haijafutwa.